Bunduki ya Dada Yako

3 Machi

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote walio chini ya dari yako. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo yameanza kuniacha njiani. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Miaka miwili tangu tumzike dada yako ni uchelewaji ambao hata mwanafunzi wangu mtoro asingethubutu kuutetea.

Nakuandikia kuhusu bunduki yake. Inspekta wa silaha aliikuta na kutu, akanipa hadi tarehe thelathini Aprili: mwenye leseni, ambaye sasa ni mimi, apige risasi tatu kwa umbali wa hatua mia moja, zote ziingie ndani ya duara la ukubwa wa sahani. La sivyo, itakatwa kwa msumeno. Sitaki ikatwe. Kwa bunduki hiyo dada yako alifukuza nguruwe pori mashambani mwetu miaka ishirini na sita.

Kutu ya mtutu nimeiondoa kwa mafuta na tambara, wiki tatu. Ufa wa kitako nimeutia gundi na kuubana kwa mpira wa baiskeli. Tatizo ni shabaha. Kule machimbo ya mawe, risasi zilikwenda kushoto shubiri moja. Nikakigonga kile kinundu cha kulengea, kilicho mdomoni mwa mtutu, kiende kulia. Sasa zinakwenda kushoto shubiri mbili. Wewe ulifundishwa na marehemu baba yenu. Mimi nilioa tu. Niwie radhi kwa usumbufu.

Shemeji yako.

19 Machi

Shemeji Nukta, mwalimu wa nukta na mkato,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yenye mambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka mara tatu. Msomi mzima! Kinundu cha mbele hufuata kosa: risasi ikienda kushoto, nacho kigonge kushoto. Baba alitufundisha hivyo kwa makofi, si kwa chaki. Tena ukaushe mtutu kabla ya kupiga. Risasi ya kwanza kwenye mafuta ni mlevi, huenda inakotaka.

Zaidi ya hapo usiniulize. Baba alimpa dada bunduki mimi nikiwapo, nimesimama, mwanamume. Kwamba ni yangu nilisema hata kaburini kwa dada, siku tulipomzika. Aibu ya mahali ninayo. Ya neno lenyewe, bado.

Shemeji yako mbishi.

11 Aprili

Kwa shemeji yangu,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Nisamehe kuchelewa, nilitaka kukujibu kwa matokeo.

Nimegonga kushoto, unene wa ukucha kwa kila pigo, na mtutu nimeukausha. Binti yangu, mpwa wako, akaulaza juu ya mfuko wa mchanga, akapiga nne. Ningeweza kuzifunika zote kwa kisosi. Kisha nikapiga mimi. Moja iligusa ukingo wa duara. Mbili hatujaziona hadi leo.

"Baba," akasema, "umefumba macho yote mawili."

Ni kweli. Na hata nikiyafumbua, daktari anasema jicho la kulengea lina ukungu, na upasuaji ni Agosti. Inspekta anataka mwenye leseni apige mwenyewe, nami sitamdanganya. Njia iliyobaki ni leseni iandikwe jina la binti. Fomu inadai saini ya mtoto aliye hai wa mwenye bunduki wa kwanza. Wa baba yenu umebaki wewe peke yako. Ukisaini, umeiachia. Siwezi kukuomba hilo bila haya, na bado nakuomba. Fomu imo humu.

Shemeji yako.

1 Mei

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Salamu na shukrani zitangulie. Fomu ilifika tarehe ishirini na saba, imesainiwa, bila neno lako hata moja. Niliigeuza huku na huku nikitafuta matusi, sikuyaona. Samahani kwa kuyatafuta.

Leseni ikaandikwa jina la mpwa wako, na jana alipiga. Mbili katikati kabisa. Ya tatu ilikata mstari wa duara. Inspekta akapiga magoti na rula yake, akakuna kidevu.

"Binti, hii iko ndani au iko nje?"

"Mwenye rula ni wewe, afande. Mimi kazi yangu nimemaliza."

Akaandika: ndani.

Nilimshauri binti aifungie kabatini. Akanijibu kwamba bunduki ina ndugu wengine. Kwa hiyo barua hii haiji kwa posta. Anakuletea yeye mwenyewe, leseni mfukoni, bunduki begani ndani ya ala yake, na risasi sita. Anasema ya kwanza ni ya mjomba, wala harudi nyumbani kabla hujaipiga.

Shemeji yako.