Orodha ya Wasio na Kitambulisho

Jumanne, Agosti 2021

Chanjo gani inayotaka kujua babu yangu alizaliwa wapi?

Leo karani mgeni amepita hapa Ulyankulu, makazi yetu ya wakimbizi, akiandika wasio na kitambulisho. Eti wapate chanjo ya korona. Sisi hatuna uraia, si wa Burundi, si wa hapa. Orodha hiyo hiyo inaweza kutupakia kwenye lori la kurudishwa Burundi.

Nikampa majina ya uongo, langu na la mama. Mama, anayebanwa kifua tangu Jumapili, akanikatiza: "Mwanangu, nikifa kwa jina la uongo, utamzika nani?"

Akamtajia karani jina lake lote la kweli, na kilima cha Burundi alikozaliwa. Karani aliandika bila kuinua macho.

Nilikasirika. Halafu nikamfuata barabarani, asahihishe na jina langu. Bado simwamini. Ila mama peke yake kwenye karatasi ile, hapana.