Benchi Fupi na Stendi ya Kasha la Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi. Nimeipokea kwa mdomo mpana, kama kawaida yangu.

Binti wa marehemu kaka yangu — siku hizi mkunga kamili, ana sare na saa ya kubandika kifuani — kanunua kasha la barafu la kuwekea vinywaji. La buluu, zito, lina kibomba cha kutolea maji. Jumapili wenzake wa wodini wanakuja kukaa barazani. Sasa kasha linakaa sakafuni, na mama yake, yaani shemeji yangu, mgongo haumruhusu kuinama. Binti akaniambia, Baba Mdogo, nitengenezee stendi ya mbao. Iwe kama benchi lako lile. Bila msumari hata mmoja.

Benchi langu lile!

Nikamwambia, stendi tu? Mimi niliyemtengenezea tajiri mmoja kitanda, nyumba ikaungua yote, kitanda kikabaki na shuka zake! Akacheka mpaka akashika ukuta. Shemeji alikuwa anakunja nguo. Hakucheka. Alikunja kitambaa kimoja mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Hapa hanisomi mtu, basi niseme. Sijawahi kuunganisha mbao mbili zikakaa. Yadi ya mbao nilifanya kazi miaka tisa, kweli — getini. Nilihesabu mbao zikitoka. Randa naijua kwa sura tu, kama jirani wa kupungiana mikono.

Benchi alilitengeneza kaka.

Ilikuwa wiki ya msiba wake. Mtoto ana miaka minne, amekaa juu ya benchi, ananiuliza nani kalitengeneza. Watu wazima tulikuwa tumekubaliana tusimtaje baba yake mbele yake, maana akisikia tu alikuwa analia hadi anatapika. Nikasema, mimi. Akanyamaza. Akaniegemea begani, akalala.

Ilianza kama pole. Kesho yake wageni wakalisifia benchi, nikasema tena, mimi. Hapo haikuwa pole tena. Ilikuwa tamu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na miwili na bado natembea.

Jumatano, 5 Machi

Mbao nimepata nzuri, kavu, hazina mafundo. Hilo najua kuchagua. Kilichobaki ndicho sijui.

Nimejaribu kufanya kama kaka: ubao mmoja unauchonga ulimi, mwingine unautoboa tundu, vinaingiana. Ulimi wa kwanza ukakataa kuingia. Wa pili nikaupunguza — ukacheza ndani kama jino la mtoto. Wa tatu ukakatika. Nikaenda kwa seremala wa kona kuazima patasi. Ana mdomo yule mzee!

"Bingwa anaazima patasi? Zako ziko wapi?"

"Ziko kwa mteja."

"Mteja gani, yule wa kitanda kisichoungua?"

Wote pale wakacheka, nami nikacheka kuwazidi. Nikitoka akaniita nyuma, sauti imeshuka. Akasema, kaka yako alikuwa na mkono, Mungu amrehemu. Sikugeuka.

Jioni nimepiga misumari. Kumi na sita. Nimedidimiza vichwa vyake ndani ya mbao, nikaziba matundu kwa gundi na vumbi la msumeno, msasa, vanishi mara mbili. Huoni kitu! Kwa kudanganya, naona mkono ninao.

Alhamisi, 6 Machi

Mama na mwana wametoka. Nimeligeuza benchi miguu juu nione kaka alivyozungusha kona, nami niige kwa msasa kwenye kona za stendi. Miaka yote hii sijawahi kulitazama chini.

Kuna maandishi. Penseli, mwandiko wa kaka, ule wa kulala upande. "Goti la mama yangu — inchi kumi. Miguu yake iguse chini."

Mama yangu. Ndivyo alivyokuwa akimwita yule binti yake.

Watu huuliza kila siku, mbona benchi hili fupi hivi? Mimi nina jibu langu, wote wanalijua: fundi mkubwa hukata miguu mifupi ili benchi lisiwe na kiburi. Wanacheka. Binti mwenyewe analirudia kwa marafiki zake, eti hekima ya Baba Mdogo. Kumbe alipimwa goti! Baba mtu alipiga magoti sakafuni akampima mwanawe goti.

Msasa ulikuwa mkononi. Sijui niandikeje. Nilianza kufuta. Nimefuta "Goti la". Mkono wenyewe ukasimama. Yamebaki "mama yangu — inchi kumi," na mwanzoni mwake doa jeupe, kama mahali palipobabuka ngozi.

Nimeligeuza haraka. Nimekaa juu yake. Magoti yangu yalifika kifuani.

Ijumaa, 7 Machi

Stendi imepelekwa barazani. Binti kanikumbatia. Inapendeza kweli. Hilo ndilo baya.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alitaka kujaribu. Asubuhi nikamwekea kasha juu ya stendi, akalijaza barafu na maji. Stendi ikabeba, sikatai. Lakini kibomba kinavuja kidogo, tone, tone, juu ya ubao wa mbele. Kufika adhuhuri vumbi langu la msumeno limelainika, limekuwa uji. Kichwa cha msumari kimetokeza. Halafu cha pili.

Shemeji akaweka kidole juu ya kile cha kwanza. Nikaanza kueleza, unajua shemeji, siku hizi hata mafundi wa nje wanatia misumari kidogo, ya usalama —

"Shemeji, kaa chini."

Nikakaa.

Akasema, "Mimi ndiye niliyemshika mtoto siku anapimwa goti. Alikuwa anacheka, eti penseli inamtekenya."

Nikamuuliza mbona hakunisema siku zote hizi. Akasema mwanzoni alifurahi mtoto amenyamaza. Halafu akaona nimepata cha kujivunia, na mimi sikuwa na vingi. "Nikasema nikungoje, utachoka mwenyewe. Hukuchoka!"

Nikasema basi mwambie wewe, wewe ni mama yake. Akakataa kabisa. "Nikimwambia mimi nimekuvua nguo. Ukimwambia wewe umevua koti tu. Kesho, kabla wageni hawajaondoka."

Habari ya msasa sikumwambia. Hilo nimebaki nalo peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa stoo. Nimesema nakuja kutafuta kifungulio cha soda. Kiko mfukoni.

Wageni saba, wakunga watupu, wana kelele kama wamefunguliwa geti. Nilijipanga kumwambia asubuhi, akawa anaosha glasi. Nikajipanga tena saa sita, wakaingia. Nikaulizwa habari za kile kitanda. Nikasimulia! Safari hii nikaongeza na mto. Shemeji akaingia ndani.

Misumari imetokeza sita sasa. Nimefunika kwa taulo dogo, kana kwamba ni mapambo.

Halafu mmoja wao, mnene mchangamfu, akasema stendi nzuri, lakini benchi ndilo kiboko, hivi linashikaje bila msumari? Binti akasimama, kang'aa uso mzima. "Ngojeni muone chini yake! Mimi mwenyewe sijawahi kuona. Baba Mdogo atatuonyesha alivyounganisha."

Akawainua waliokaa. Akashika upande mmoja wa benchi. Ndipo nikasema kifungulio.

Humu stoo kuna penseli yangu ya kuhesabia mbao. Nimewaza niende nirudishie yale maneno mawili. Nimejaribu hapa pembeni ya ukurasa: Goti la. Goti la. Goti la. Hayalali upande. Mwandiko wangu umesimama wima kama mlinzi wa geti.

Shemeji kapita mlangoni na sinia. Kanitazama, katazama daftari. Kasema, "Koti tu, shemeji."

Nimemwambia nilitia msasa mwandiko wa kaka chini ya benchi. Limenitoka hivyo hivyo. Kaingia, kaliweka sinia juu ya rafu. Halafu kasema hata hilo nikaliseme mwenyewe.

Huko nje wanapiga makofi kunihimiza. Sauti ya binti iko juu ya zote — "Baba Mdogo! Njoo ushike upande wako, mimi nimeshanyanyua!"