Chumba cha Madume

Juni 3

Mdogo wangu,

Hamjambo hapo? Kifua cha Baba kimeamkaje? Mimi mzima, kiwanda bado hakijanimaliza.

Sikiliza vizuri. Mbawakawa jike hukua haraka, dume huchelewa. Tukiwaachia wakue wapendavyo, bibi harusi atazeeka bwana harusi hajazaliwa. Kwa hiyo mabuu ya majike yakae stoo, nyuzi joto kumi na sita. Ya madume chumba cha nyuma na hita, ishirini na tano, mchana na usiku. Wakitoka udongoni usiwakutanishe mpaka wote wameanza kula. Dume akiletewa jike asiye tayari, humkata kwa taya zake. Ukoo huu nimeulea miaka minane na majike wamebaki wawili tu. Ukikosea, hatuna pa kuanzia.

Dada yako

Juni 14

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, wadudu hawajambo, Baba ndiye taabani. Baridi imemwingia mifupani, anakohoa hadi kitanda kinasogea. Hita ni moja, najua, sitaihamisha. Je, nimwekee godoro chumba cha nyuma, alale na madume? Nafasi ipo. Mwenyewe anasema, "Mwambie dada yako na mimi ni dume, tena nimechelewa kuliko hao." Akacheka mpaka pumzi ikamkatika.

Mdogo wako

Juni 21

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Blanketi zito linakuja na dereva wa kampuni. Chumba kile Baba asikanyage.

Wewe ulikuwa mdogo. Nilikuwa na makopo arobaini na moja ya mabuu, Baba akayamwaga jalalani mbele ya wenzangu: "Binti yangu hafugi mende!" Nikaanza upya na mabuu matatu niliyookota kwenye taka zilezile. Kila tofali la nyumba anamokoholea limetoka kwa mauzo ya uzao wa mabuu hayo. Isitoshe, mlango ukifunguliwa ovyo joto linashuka nyuzi tatu, madume wanachelewa wiki mbili. Hesabu ndiyo inayokataa, si mimi.

Dada yako

Juni 29

Dada,

Shikamoo. Baba aliniomba nimsomee barua yako. Nilitaka kuruka pale pa makopo, akanishika mkono: "Soma yote, usinichujie."

Jana nikamfungulia mlango, nikamwambia ingia Baba, Dada hatajua. Akasema, "Nyumba ni yake. Mpaka aniite mwenyewe." Sasa anashinda kitini koridoni, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa madume. Anasema unatoa joto kidogo. Nimeugusa, hautoi.

Andika upesi.

Mdogo wako

Julai 6

Baba,

Shikamoo. Ingia. Ulale karibu na hita, mlango ukae wazi ukitaka. Hesabu nitazipiga upya.

Binti yako

Julai 12

Dada,

Shikamoo. Afya yangu usiulize. Baba ametutoka Jumapili, palepale kitini. Kiwandani kwenu nilipiga simu mara mbili, wakasema watakuambia. Jana tumemzika.

Leo imekuja barua yenye jina lake, mwandiko wako. Sijaifungua, si yangu. Nairudisha humu.

Madume wametoka udongoni, majike nao, wiki ileile moja, kama ulivyopiga hesabu. Karibu wataanza kula. Hita nimeiacha inawaka, ufunguo uko kwa fundi viatu. Wa kuwakutanisha ni wewe. Mimi naondoka kesho.

Mdogo wako