Nani Amemtundika Gunia?

Barasa,

Jina lako liliwaka kijani mchana, nikiwa namsuka mteja. Simu ilikuwa juu ya meza kando ya mafuta ya nywele, ile gemu yetu ya kukamata viumbe ikiwa wazi, nikaona kile kidoa cha pembeni mwa jina lako kimegeuka rangi. Kijani maana yake mtu anacheza sasa hivi. Na wewe tulikuzika. Nilikuwepo, nilitupa udongo kwa mkono wangu. Mteja akaniuliza mbona mikono imesimama, nikamwambia nahesabu mistari.

Unanijua. Wewe ndiye uliyenibatiza Karao, yaani polisi, na hata kwenye gemu nikaandikisha jina hilo. "We Karao, hata ugali unauliza imetoka wapi." Mtu mwingine angelia, au angeona ni muujiza ampigie pasta. Mimi nilijiambia: kuna mwizi.

Maana simu yako ilisemekana ilipotea hospitalini. Hivyo ndivyo baba yako alivyotangaza kule kwenu, mazishi yamepita, jamaa wamekaa chini kugawa vitu vyako. Kwetu ziwani tuna mambo yetu, hayo ya kwenu nilikuwa nayaona mara ya kwanza. Nguo zako zilitandazwa kwenye mkeka, na redio, na viatu, na vifaa vya kazi. Kila kinachotajwa mbele ya watu lazima kipewe mtu. Huombi, unapokea. Mjomba wako alipata koti. Mimi, ambaye wengine walikuwa bado wanaulizana ni nani wako, nilipewa glavu zako za kuchomelea, nikashukuru. Binamu yako Shem alipata viatu, na nilimwona: simu ilipotajwa, Shem aliangalia vidole vya miguu. Nikaweka hilo akilini.

Simu yenyewe sikuitaka, kioo chake kilikuwa kimepasuka. Nilimtaka Gunia.

Nakumbuka siku uliyomkamata, nyuma ya karakana yako pale Sarang'ombe, Kibera. Wenzako wote wanatafuta majoka na ndege wa moto, wewe unashangilia kifukofuko! Mdudu amejifungia kwenye hariri yake, rangi ya chai ya maziwa, macho mawili yanachungulia kwenye ufa na kukutazama kana kwamba umemwibia. Hajui kupigana. Akishambuliwa anajikaza tu, na akimaliza kujikaza yuko vilevile. Tukamwita Gunia. Ukasema amefanana na mimi, nikanuna mpaka jioni. Lakini ni kweli, ana macho yangu.

Na ubaya wake ni kwamba hujui ndani kuna nini. Anaweza kutoka kipepeo mweupe, anaweza kutoka nondo wa vumbi la sumu, na kwa nje hakuna anayeweza kutofautisha. Wewe ulishikilia ni kipepeo. Mimi nilisema ni nondo, ningesema nini kingine? Akiiva anatetemeka, gemu inauliza kama afunguliwe, na kila mara wewe ulibonyeza Bado. Kule wodini, kifua kikikukaba, ulinivuta mkono ukaniambia, "Usiache mtu amfungue. Nikitoka tunamfungua mimi na wewe." Nikasema sawa.

Hukutoka. Sasa kuna mtu ana simu yako, na kidole chake kikiteleza mara moja tu, Gunia ameisha. Akishaota mabawa harudi ndani. Na lile neno la mwisho nililokupa litakuwa limeisha naye.

Basi nikaanza upelelezi. Cheka tu.

Unakumbuka kifukofuko hutundikwa mahali, na marafiki wakaona kwenye ramani. Siku ile alikuwa kwenye geti la kanisa moja mtaa wa Olympic. Baadaye nikamwona kwenye geti la duka la dawa, huko huko. Kisha kwenye geti la ploti ya wapangaji Sarang'ombe. Kisha karibu na Nyayo Highrise, geti tena. Anatetemeka, haachwi afunguke, anatunduliwa, anapelekwa mahali pengine. Hapo wasiwasi ukanizidi. Mwizi wa simu hufuta kila kitu akaiuza. Mwizi gani ana subira ya kumtembeza mdudu hivi, kama mama aliyebeba mtoto mgongoni? Nikafikiri huyu anangoja mtu. Nikafikiri ananingoja mimi.

Nilimshuku yule nesi aliyekuwa akitufukuza wodini kabla ya wakati. Nikamshuku fundi wa simu wa hapa karibu, kwa sababu nilipomuuliza kama ameletewa simu ya kioo kilichopasuka alicheka, akasema, "Sista, hapa kuna gani haijapasuka?" Ningeweza kumsamehe kicheko, lakini alicheka haraka mno. Zaidi ya wote nilimshuku Shem. Nikampigia nikajifanya namsalimia. "Sasa Shem, viatu vinakutosha?" Akajibu, "Zinanifinya, lakini nitado nini? Ni za Barasa." Jibu zuri kupita kiasi. Mtu asiye na hatia hajibu vizuri hivyo.

Halafu juzi nilikuwa namsuka mama mmoja nyumbani kwake Olympic. Kidoa kikawaka. Nikafungua ramani, na Gunia alikuwa pale pale karibu, kwenye geti la kanisa tena. Nikamwambia mama natoka mara moja kununua uzi. Nilitoka mbio, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zangu, na njia nzima napanga maneno ya kumwambia Shem, mengine siwezi kuyaandika kwenye barua ya kukutumia wewe uliko.

Aliyesimama pale alikuwa baba yako.

Amevaa ile kofia yake, miwani imeteremka puani. Mkono mmoja umeshika simu yako. Mkono wa pili unapita juu ya vyuma vya geti, polepole, ukifika kwenye kiungo unasimama, unakipapasa, unaendelea. Unajua nilifanya nini? Nilidhani amemkamata Shem. Nikachungulia nyuma ya ukuta kumtafuta.

Mzee aliponiona alishtuka, akaisukuma simu ndani ya jaketi kama mwanafunzi. Kisha akaniangalia vizuri, akaona na simu niliyoshika. "Kumbe ni wewe! Kila nikifungua hii kitu naona Karao, Karao, imewaka. Nikasema basi nimekwisha, polisi wamejua nimeficha kitu ya marehemu." Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Mwizi na polisi, Barasa, tumewindana Kibera nzima.

Tukakaa kwenye jiwe kando ya geti akaniambia. Kwamba kule wodini, mkono wako ulipokosa nguvu, ulimpa simu ukamwambia, "Baba, akitetemeka bonyeza Bado." Na ukamfundisha kumtundika. Akasema hukuwa umemwomba msaada wowote tangu uondoke kwenye karakana yake ukaanzishe yako. Nawe unajua, hakuwahi kuja kuona kazi yako hata siku moja. Ulikuwa ukijifanya haikuumi. Ilikuuma. Na yeye alijua, ndilo lililoniumiza kusikia.

Baada ya mazishi akakuta kwenye simu picha za mageti uliyoyachomelea. Geti baada ya geti, bila sura ya mtu hata mmoja. Akaanza kuyatafuta. Akilipata moja analikagua, anamtundika Gunia hapo, anakaa kidogo, anaenda. "Nilitaka kuona kama mkono wake umenyooka," akaniambia. Akapandisha miwani. "Umenyooka."

Nikamuuliza basi kwa nini alidanganya kwamba simu imepotea. Akaangalia chini. "Mzazi harithi mtoto. Kwetu hiyo ni mwiko. Ningeitaja pale kwa mkeka, ingepewa Shem, na mimi ningekaa kimya niangalie ikienda. Kwa hivyo nikasema imepotea, mbele ya pasta na kila mtu." Barasa, baba yako aliiba kwenye mkeka wa mwanawe mwenyewe, na alikuwa ananiambia hivyo kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu. Sikuwa nayo. Nilimshika mkono tu.

Hapo Gunia akatetemeka. Mzee akanyoosha simu. "Aliniambia utamfungua wewe na yeye. Mimi nilikuwa namtunza tu. Chukua." Lakini kabla sijaipokea akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Akifunguka, bado nitaweza kumtundika?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia ukweli: hapana, mzee, wenye mabawa hawatundikwi, wanaruka wanakotaka. Akatingisha kichwa kukubali. Hakuniomba kitu. Angeniomba, labda ningekuwa mkaidi, unanijua.

Nilibonyeza Bado, nikamrudishia simu yake. Sijui kama nimevunja neno lako au nimelitimiza. Nilitaka sana kumwona akifunguka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku hiyo itakuwa kama kukuona tena kidogo, na kuacha hilo kumenikata maini. Nakukosa, Barasa. Hakuna mtu wa kuniambia nimeanza tena. Na bado nasema ni nondo. Na bado sijaelewa Shem alikuwa anaangalia nini kwenye vile vidole.

Basi picha zimekwisha. Mzee ameyazunguka mageti yote yaliyo kwenye simu, mengine sasa anayarudia, akaniuliza kama nayajua mengine. Ninalijua moja. Geti la salon yangu hapa Kawangware, ulilolichomelea huku mvua inanyesha na una haraka, kiungo cha chini kikavimba kama jipu. Ulikataa kulipiga picha. Ukaniapisha: "Karao, mzee asiwahi kuona hii."

Anakuja Jumapili, baada ya kanisa. Nisamehe. Nitamwekea kiti cha chini pale pale, karibu na jipu lako, aweke mkono. Ninavyomjua atataka kulinyoosha, hataweza kujizuia, ni fundi. Hapo ndipo nakuahidi, na hii ahadi haivunjiki: hataligusa kwa tupa wala kwa moto. Libaki ulivyoliacha.

Pumzika, rafiki yangu.

Karao wako