Usimpe Ng'ombe Kunde Zenye Maua

Nalufenya, Jinja
Jumatatu mchana

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, lakini salamu zenyewe zisubiri. Mwalimu, wewe jirani unayemsomea mama, ishia hapa kwanza. Mtu akimbie zizini akatoe kunde zote mbele ya ng'ombe. Na mtoto wa marehemu dada Nafuna asipewe maziwa leo, apewe uji mwepesi.

Sasa nieleze. Mimi ni mzima, ila naogopa na naandika mbio, unisamehe mwandiko. Afande wa kambi ya jeshi ya Kimaka ninayemtunzia ng'ombe amepoteza mmoja juzi. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba majani ya kunde hukatwa alfajiri, yakiwa na umande, yakafungwa mzigo mmoja mzito? Hiyo ni amri ya afande. Yeye hukagua banda kama anavyokagua askari wake: "Wafula! Saa moja mimi nakuja, majani iko ndani!" Zamani nilikata mchana, kama ulivyonifundisha. Nikaona hii ya alfajiri ndiyo ya kisasa, nikakuandikia kwa kiburi, nikakwambia uache uvivu wa huko kwetu Wanale. Naona aibu.

Ng'ombe alikataa chakula, akawa anachovya mdomo kwenye maji bila kunywa, akakojoa damu. Alikufa kabla ya jua kuzama. Daktari wa mifugo alimpasua, akatuonyesha tumboni vipande vya mbawakawa, wale wadogo weusi wenye mistari ya manjano wanaokula maua ya kunde. Unawajua, ukimponda mmoja ngozi inatoa lengelenge. Akasema, "Asubuhi baridi hii dudu nalala ndani ya maua, haiwezi ruka. Mchana ukitikisa, yote naenda zake." Kumbe tulikuwa tunawafunga humo humo na kumlisha ng'ombe. Hata kunde zikikauka, sumu inabaki, na daktari anahofia hupita hata kwenye maziwa.

Na kunde za kwetu zimechanua sasa. Dereva Mkenya aliyeniletea salamu zako Ijumaa alisema, "Mama yako anasema anafanya vile vile ulivyoandika." Siku ile nilifurahi! Sasa maneno hayo hayanitoki kichwani. Ng'ombe huyo mmoja ndiye anayemlea mtoto tangu Nafuna atutoke, na mtoto hata meno hajaota. Barua hii nimempa dereva huyo huyo. Amekubali kuifikisha mkononi mwako, asiiache dukani ikangoja Mwalimu atoke kanisani Jumapili.

Nisalimie kaka mkubwa, na shangazi anayelala na mtoto, na Mwalimu anayetuazima macho yake. Mama, tangu utoto wangu sijawahi kusema neno usilonipinga. Namwomba Mungu na safari hii uwe umenipinga.

Mwanao,
Wafula