Maneno ya Tovuti ya Mama Yako

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo hapa mtaani Phillips, huku ng'ambo, ila tumechoka. Mama yako akitoka zamu ya kuuguza wazee huenda moja kwa moja kwenye cherehani, na wateja hawaji. Umeniuliza tovuti yake iwe na maneno gani ili watu wakitafuta mtandaoni wampate.

Nilipokuwa msichana nikishona Nakuru, kibao changu kilisema "Mitindo ya Kisasa". Siku moja mwalimu alisimama mlangoni na sketi mkononi.

"Dada, wapi hapa wanaweka zipu?"

"Ni hapa hapa kwangu!"

"Mbona hukuandika? Napita hapa kila siku."

Niliona haya, nikaandika alivyosema: "Tunaweka zipu." Jioni hiyo walikuja watatu.

Basi waulize watu wanavyoitaja wenyewe kazi ya kushonewa wanayoitaka, uandike maneno hayo hayo kwenye tovuti. Mimi naomba tu wateja wamtoshe, aache zamu, alale.

Nyanya yako