Mukwe Anasoma Gestion

Jumatatu, 3 Juni
Nimekula tena jikoni, nimesimama, sahani juu ya pipa la sabuni. Mukwe alikuwa saloni, kwenye viti vya wageni, na vitabu vyake. Tangu aje kusoma masta ya gestion, yaani elimu ya uongozi, hapa Baraka, saloni si yangu tena. Kwetu mama-mkwe na mukwe hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawatajani majina. Ndiyo maana anakohoa. Anakohoa kwenye mlango wa lupango, uwanja wetu, ili nikimbilie jikoni. Anakohoa akitoka chooni. Kijana wa adabu, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini magoti yangu si ya kukimbia tena.

Jina lake siandiki hata hapa. Ni Baba Neema, bwana ya Faida wangu. Faida na batoto wamebaki Misisi, kule mukwe anakofanya kazi ya gestionnaire, msimamizi, katika kituo cha afya. Mkubwa wake amesema: ukikosa diplome mwaka huu, kiti kinaenda kwa mtu wa Bukavu. Basi tunaomba.

Leo pia mkutano wa umoja wetu, bamama wapika sabuni. Ajenda: rangi ya kitambaa chetu kipya. Mama Zuena, makamu wangu, alitaka kijani. Nikasema tusali kwanza. Yeye ni Mwislamu, aliinua mikono yake vizuri. Mi nikafumba macho. Nilipofumbua, Mungu alikuwa amechagua bluu. Hakuna aliyebisha. Umoja wetu una amani sana.

Jumatano, 5 Juni
Shida. Bwana yangu aliingia jikoni akicheka peke yake. Mwalimu anayemwongoza mukwe amekataa kichwa cha mémoire yake, yaani kile kitabu cha mwisho wa masomo. Mukwe alitaka kuandika juu ya kampuni kubwa za Ulaya. Mwalimu akamuuliza: "Kampuni hizo umeziona na macho gani? Andika kitu unachoweza kukifikia kwa mguu."

Kitu cha kufikia kwa mguu ni sisi. Mukwe amechagua umoja wetu wa sabuni: namna unavyoongozwa. Lazima amuulize présidente maswali, apate majibu kwa kinywa chake.

Présidente ni mi.

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nilimwendea Pasta. Akasema katika Kristo hakuna mambo ya mukwe, kaeni kitako muongee. Nikamuuliza kama yeye anakaaka na mama-mkwe wake. Akaangalia saa.

Mama Zuena akajitolea yeye aulizwe mahali pangu. Nimekataa. Makamu ni makamu.

Mungu amenipa njia. Mukwe atakaa saloni. Mi nitakaa jikoni. Bwana yangu atakaa kwenye mlango katikati, na pazia. Swali lije kwake, alete kwangu, arudishe jibu. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, Kifaransa anakijua, na kitabu cha mukwe ni cha Kifaransa. Amekubali upesi sana. Sikujua anapenda masomo kiasi hicho.

Alhamisi, 13 Juni
Mahojiano ya kwanza. Swali: maamuzi katika umoja yanapitishwa namna gani?

Nilijibu kwa moyo wote. Nilianza na sufuria ile ya kuazima, siku soda kali ya kupikia sabuni ilipomwunguza mwenzetu Mama Riziki mkono, hadi mawese tunavyoyatoa Lweba. Nilieleza tunavyosali. Nilieleza mashauri ninayowapa. Maharagwe yaliungua nikiwa bado naeleza.

Bwana yangu akageuka upande wa saloni, akasema Kifaransa. Maneno matatu.

Sikujua Kifaransa ni lugha fupi hivyo. Ndiyo maana Wazungu wanamaliza kazi mapema.

Upande wa pili mukwe akashangaa: "Ah bon?"

Ijumaa, 14 Juni
Mahojiano ya pili. Bamama wawili wakigombana mnafanya nini? Nikasema: nawaita wote wawili, tunasali, kisha nawaambia nani ana kosa. Wanapatana palepale. Hakuna aliyerudi kulalamika hata siku moja.

Bwana yangu akatafsiri. Safari hii aliongea kwa urefu kidogo, na mikono. Mukwe akakohoa. Si kikohozi cha mlango, wala cha choo. Vikohozi vyake navijua sasa vyote. Hiki kilikuwa kicheko kilichovaa nguo.

Bwana yangu ana furaha siku hizi. Anaimba akinyoa ndevu. Nafikiri ukalimani unamfaa. Mtu akistaafu asiachwe bila kazi.

Jumamosi, 29 Juni
Mukwe ameenda kuoga ziwani. Nikaingia saloni kupangusa vumbi. Amebandika karatasi kubwa ukutani: umoja wetu, umechorwa wote. Juu kuna sanduku moja kubwa, limeandikwa Présidente. Chini yake visanduku vidogo vya bamama wengine. Mishale inatoka kwangu inashuka kwa kila mmoja. Hakuna hata mmoja unaopanda. Picha safi kabisa, haina vurugu.

Nikaipangusa mara mbili.

Kikohozi mlangoni. Nikatoka na ndoo kupitia dirishani. Nimechubuka kiwiko.

Jumanne, 16 Julai
Sina amani. Tarehe ya défense ya mukwe imetoka. Siku hiyo mwanafunzi anasimama mbele ya walimu, anatetea kitabu chake. Jana mwanafunzi wa kwanza alisimama, akaanguka. Kuna profeseri mmoja mwenye miwani minene, ametoka mbali. Alimwambia kijana yule: "Haya umesikia kwa watu, hukuyaona. Rudi mwaka kesho."

Mwaka kesho! Faida alipiga simu akilia. Mukwe akirudishwa, kiti cha Misisi kimekwenda. Nikamtuliza. Kisha nikakaa kwenye mfuko wa mkaa nikajililia mwenyewe. Mwaka mwingine wa kula nimesimama. Mwaka mwingine wa kutoroka kupitia dirisha langu mwenyewe. Mungu anisamehe, sijui nililia zaidi kwa ajili ya nani.

Nimetangaza kufunga kwa umoja mzima. Mama Zuena akasema hawakuulizwa. Nikamwambia kufunga hakuulizwi.

Jumatano, 24 Julai
Nguo ya bluu nimeipiga pasi. Poda nimenunua kopo kubwa, ya kummwagia mshindi kama desturi. Nani atammwagia ni neno lingine, mi siwezi kumgusa. Ndani ya salle, ukumbi wa défense, pia siwezi kuingia. Nitasimama nje, kwenye dirisha. Bwana yangu atakaa mbele na koti lake la harusi.

Tangu asubuhi haimbi. Nimemuuliza kama anaumwa. Amesema hapana. Kisha akaniuliza kama kweli nina lazima ya kwenda.

Alhamisi, 25 Julai
Nitaandika yote kwa utaratibu.

Tulisimama nje, bamama wote, bluu tupu. Madirisha ya salle yana nondo, hayana kioo, kila kitu kinasikika. Walimu watatu mezani, mwenye miwani katikati. Kila walipolitaja jina la mukwe niliziba masikio, Mama Zuena akinigusa ubavuni likishapita. Waliongea Kifaransa muda mrefu. Mukwe alikuwa anatiririka. Nikasema moyoni, amepita huyu.

Kisha mwalimu mmoja, mzee mwenye sura njema, akatuona, akamwuliza mukwe kama ndio sisi. "Bamama ba sabuni njo bale ku dirisha? Basi uelezee kwa Kiswahili, basikie kazi yao."

Mukwe akatugeuzia mgongo kwanza, kwa heshima. Akaanza. Umoja unaenda vizuri. Sabuni ni nzuri. Lakini uongozi ni wa mtu mmoja. Présidente anaamua peke yake, kisha anasema ni Mungu ameamua. Wengine wanaogopa kumjibu. Hata nyumbani kwake ni hivyo hivyo.

Nilimsikitikia mama huyo. Kisha nikakumbuka présidente ni mi.

Nikamtafuta bwana yangu kwa macho. Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Mwenye miwani akafunga kitabu. "Haya nani alikuambia? Ulimusikia yeye mwenyewe, kwa kinywa yake?"

Mukwe akakohoa. Kisha: "Kwa mukalimani, Profeseri."

"Mukalimani nani?"

"Bwana yake."

Salle nzima ikacheka. Mwenye miwani hakucheka. "Muntu anasengenya bibi yake, unaita ile gestion? Ushahidi hakuna. Kazi irudi mwaka kesho."

Mwaka kesho.

Kinywa kilifunguka chenyewe. "Hapana! Hairudi!"

Watu wote wakageuka. Mukwe akajifunika uso na mémoire yake. Nikashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Weye Profeseri wa miwani, shusha kalamu kwanza. Na bale ba nyuma, munyamaze! Mi siko muntu wa kiburi. Kwetu tunaamuaka wote. Njo vile, bamama?"

"Njo vile, Mama Présidente," wakajibu pamoja, upesi.

"Mama Zuena, sema na weye."

Mama Zuena akafungua kinywa, mi nikawahi.

"Munaona? Amekubali. Sasa mupatie mutoto diplome yake. Tusali, tufunge mukutano."

Nikafumba macho, nikaomba. Ombi refu. Niliwaombea walimu, mishahara yao, miwani yao. Nilipofumbua, walimu wote watatu walikuwa wameinamisha vichwa. Kalamu ilikuwa imeshuka mezani. Mwenye miwani aliivua, akajifuta macho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani Roho amemgusa.

Akasema: "Ushahidi nimepata. Kwa kinywa yake."

Walitoka, wakarudi. Mukwe amepita. Na distinction juu yake, alama za juu.

Bamama wakamrukia na poda, akawa mweupe kama muhogo. Mi nilibaki na kopo langu mkononi, limejaa. Nikamtafuta bwana yangu. Alikuwa amejificha nyuma ya pikipiki. Nikammwagia kopo zima, kichwani, masikioni, ndani ya koti la harusi. Watu walipiga makofi. Walisema mapenzi ya namna hii yamepungua siku hizi.

Ijumaa, 26 Julai
Sijaongea na bwana yangu. Anapiga chafya tu.

Nina hasira. Nina aibu. Nina furaha pia, zimechanganyika kama soda na mawese kabla ya kushika kuwa sabuni.

Nilienda kwa Mama Zuena. Nikamuuliza wazi: niko hivyo? Akakoroga sufuria. "Mama Présidente... kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanivutia kiti nikae kwanza.

Jumapili, 28 Julai
Leo sikumwomba Mungu chochote. Nilikaa kanisani nikajaribu kumsikiliza tu. Ni kazi ngumu. Kila akitaka kuanza, najikuta namsaidia kumalizia.

Bwana yangu alikuja jikoni, akakaa juu ya pipa. Nikamuuliza: miaka yote hii, mbona hukuniambia? Akasema: "Mama Faida, nilikuwa nangojea mukutano ufunguliwe."

Nilitaka kukasirika. Nikacheka hadi nikashika ukuta.

Jambo la mukwe pia limetengenezwa. Nilionyesha uso na kupaza sauti mbele yake, na heshima iliyovunjika haiachwi hivi hivi. Wazee wa ukoo wamesema kuku mmoja. Nimempa yule jike mweusi anayetaga vizuri, kupitia kwa mkalimani wetu. Mukwe amerudisha kitenge. Mkalimani akaleta na neno: mukwe anasema bila mimi asingepita. Nikamwambia, rudia alivyosema, vyote, usikate. Akarudia. Yalikuwa maneno mengi.

Jumatano, 31 Julai
Mukwe amerudi Misisi, pikipiki imebeba vitabu nyuma na kuku mbele. Alikohoa mlangoni, kwa mara ya mwisho. Nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Na mi nikakohoa. Pikipiki ilikaa kidogo kabla ya kuwaka.

Jumamosi, 3 Agosti
Mkutano. Ajenda: kitambaa cha sherehe ya mwisho wa mwaka. Nikauliza rangi. Nikaacha macho wazi. Wakanitazama wakisubiri nifumbe.

"Présidente, unaumwa?" Mama Zuena akauliza.

Nikasema hapana, semeni tu. Ikawa kelele, kila mmoja na rangi yake, hata Mama Riziki ana sauti, sikujua. Wamechukua kijani. Kijani hakinipendezi hata kidogo, nitafanana na majani ya sombe. Nimeuma ulimi hadi umeniuma kweli.

Mukwe ameacha karatasi yake ukutani na kalamu juu ya meza. Nilipofika nyumbani nikachora mshale mmoja unaopanda. Mwembamba.

Jumanne, 6 Agosti
Faida amepiga simu. Kiti kimebaki kwa Baba Neema. Batoto walikuwa wanakula na baba yao, nilisikia vijiko.

Asubuhi nilipakua chai na mihogo. Bwana yangu bado amelala. Nikachukua sahani, nikafika kwenye mlango wa saloni, nikasimama kusikiliza kama kuna kikohozi. Hakuna kitu. Jogoo wa jirani, basi.

Nikakohoa. Nikaingia. Nikakaa.